Simu ya Marehemu Haimtambui Mrithi

Zamani daftari la madeni lilikaa chini ya kaunta au ndani ya kasha chumbani, na mwenye duka alipofariki dunia warithi walijua pa kulitafuta. Leo daftari hilo limehamia ndani ya simu. Mjini Tunduma, ambako malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni mpakani, na ambako mfanyabiashara huweza kupokea mteja wa Nakonde asubuhi na wa Ileje jioni, hesabu ya nani kachukua nini na nani anamdai nani huandikwa kwa kidole juu ya kioo. Mkulima wa Ikinga anayetoa mahindi yake kwa mkopo naye hubaki na ujumbe mfupi tu kama ushahidi wa haki yake.

Kisha mauti hufika bila kubisha hodi. Maziko yakishamalizika, familia hukaa kutafuta madeni ya marehemu, aliyokuwa akidaiwa na aliyokuwa akidai, na macho yote huelekea kwenye simu. Simu inawaka, inalia, inapokea salamu za pole, lakini haifunguki. Mtoto hujaribu mwaka aliozaliwa baba yake, mke hujaribu mwaka wa ndoa yao, shemeji hujaribu namba nne za mwisho za simu. Baada ya majaribio kadhaa kioo huandika kwamba wasubiri dakika moja, kisha tano, kisha zaidi. Hatimaye simu hupelekwa kwa fundi, naye huirudisha na jibu moja: naweza kuifuta yote ikawa mpya, lakini siwezi kuifungua na vilivyomo vikabaki.

Wengi hudhani fundi hajui kazi au anataka kuongezwa fedha. Ukweli ni kwamba fundi huyo anasema kweli, na ukweli huo una mizizi ndani kabisa ya simu, mahali ambapo hata mfumo endeshi wa simu yenyewe hauruhusiwi kuingia. Makala haya yanakusudia kueleza mahali hapo ni wapi, nani anazungumza na nani huko ndani, na kwa nini elimu hiyo inaihusu kila familia yenye simu.

Mlinzi tuliyemzoea bila kumjua

Tuanze na kitu kilichomo mkononi mwa kila mmoja wetu, nacho ni laini ya simu. Kadi ile ndogo si kipande cha plastiki kilichoandikwa namba tu. Ndani yake kuna kompyuta ndogo kamili, yenye prosesa yake, kumbukumbu yake na programu yake. Imepewa siri moja inayojulikana na kadi hiyo na kampuni ya simu pekee, na siri hiyo haitoki nje kamwe. Simu inapotaka kuingia kwenye mtandao, mtandao hutuma namba ya kubahatisha. Simu huikabidhi kadi. Kadi huichanganya na siri yake na kutoa jibu. Simu hubeba swali na jibu kama tarishi, bila kuiona siri yenyewe.

Kadi hiyo pia hujua kuhesabu. Ukikosea namba ya siri ya laini mara tatu, inafungwa na kudai namba ndefu iitwayo PUK. Ukikosea PUK mara kumi, kadi hufa, na hakuna fundi wa kuifufua. Anayehesabu hapa ni kadi, wala si simu. Hata ukiihamishia kwenye simu nyingine, hesabu inaendelea pale ilipoishia, kwa kuwa mlinzi ni yule yule.

Wazo hili ndilo msingi wa kadhia yetu yote. Siri huwekwa kwa mlinzi mdogo anayejitegemea, na wengine wote, hata wakubwa kuliko yeye, humwendea kwa maombi. Huduma ya M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, kabla ya kuingia Tanzania mwaka 2008, menyu yake huko Kenya ilikaa ndani ya laini, na fedha za watu zikapita mikononi mwa mlinzi huyo. Simu janja zilipokuja, watengenezaji walichukua wazo hilo hilo na kulipeleka ndani ya simu yenyewe.

Mkuu wa nyumba na chumba asichokifungua

Kila simu janja na kila kompyuta ina programu kuu inayosimamia nyumba nzima. Wataalamu huiita kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Simu za Android hutumia kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds, kijana wa Kifini, aliianza akiwa mwanafunzi jijini Helsinki mwaka 1991. Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, ndiyo inayoamua programu ipi ifanye kazi sasa na ipi isubiri, na ndiyo inayozungumza na kioo, kamera, spika na betri. Kwa kila kifaa kerneli ina mkalimani wake aitwaye draiva, kwa kuwa kila kifaa kina lugha yake ya amri. Bila draiva ya kamera, kerneli haiwezi kupata picha hata kama kamera ipo na ni nzima.

Kwa miaka mingi kerneli ilikuwa mkuu asiye na wa kumhoji: kila kilichomo ndani ya kompyuta kilikuwa wazi kwake. Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Kerneli ni programu kubwa mno, yenye mamilioni ya mistari ya maandishi, na haiwezekani kitu kikubwa namna hiyo kikakosa kasoro. Mwizi akipata kasoro moja akaitawala kerneli, amepata kila kitu, zikiwemo funguo za siri.

Ndiyo maana kikajengwa chumba ambacho mkuu wa nyumba hana ufunguo wake. Mwaka 2013 Apple ilitoa iPhone 5s ikiwa na prosesa ya pili ndani ya chipu kuu, yenye kazi ya kutunza alama za vidole na funguo za siri. AMD, kampuni inayotengeneza prosesa za kompyuta, nayo iliweka ndani ya chipu zake prosesa ndogo ya usalama. Google ilitoa chipu ya pekee iitwayo Titan M katika simu yake ya Pixel 3 mwaka 2018. Simu nyingi za bei ya kawaida hutumia njia nyingine, TrustZone ya kampuni ya ARM, ambapo prosesa ile ile moja hugawanywa katika dunia mbili, ya kawaida na ya siri, na mpaka wa dunia hizo husimamiwa na vyuma vyenyewe. Njia ni tofauti, lengo ni moja. Huko ndani hufanya kazi programu ndogo iitwayo fimwea, ambayo mtengenezaji ameitia saini, na chipu hukataa kuiwasha ikiwa saini si yake.

Barua, hodi na jibu

Ikiwa kerneli haiwezi kuingia, basi huzungumzaje na mlinzi? Huzungumza kupitia draiva maalumu, na mazungumzo yao yana adabu kali kuliko ya ofisi yoyote ya serikali.

Draiva huandika ombi lake katika sehemu ya kumbukumbu ambayo pande zote mbili zinaweza kuisoma. Kisha humjulisha mlinzi kwamba kuna barua. Katika kompyuta za AMD zinazotumia Linux, kwa mfano, draiva iitwayo ccp huweka anwani ya barua hiyo katika rejista mbili za prosesa ya usalama, nusu ya kwanza hapa na nusu ya pili pale, kwa kuwa anwani ni ndefu. Halafu huandika namba ya amri katika rejista ya tatu. Kuandika namba hiyo ndiko kupiga hodi. Draiva husubiri. Mlinzi huchukua barua, huikagua, hufanya kazi peke yake ndani, huweka jibu pale pale, kisha humgutua mkuu wa nyumba kwa ishara ya umeme kumwambia kwamba jibu tayari. Apple nayo hutumia sanduku la barua la namna hiyo kati ya prosesa kuu na prosesa ya siri. Kwa TrustZone kuna amri ya pekee ya kuvuka mpaka, na tangu mwaka 2017 kerneli ya Linux, toleo la 4.12, ina sehemu rasmi ya kupokea draiva za namna hii kutoka kwa watengenezaji mbalimbali.

Zingatia mambo mawili. La kwanza, mlinzi ana orodha fupi ya maombi anayoyakubali: tengeneza ufunguo, tia saini, thibitisha namba hii ya siri, linganisha alama hii ya kidole. Hakuna ombi la kusema nipe siri zako zote, na kama lingetumwa angelikataa kama amri asiyoijua. La pili, mlinzi hamwamini anayepiga hodi. Kila barua huikagua upya: je, urefu wake ni sawa, je, anwani iliyotajwa ni ya eneo linaloruhusiwa. Hujenga kazi yake juu ya dhana kwamba huenda mkuu wa nyumba ametekwa.

Unapoandika namba ya siri kwenye kioo, basi, kerneli haijui kama umepatia. Huibeba hadi mlangoni. Mlinzi huichanganya na ufunguo uliopachikwa ndani ya chipu siku ilipotengenezwa kiwandani, ufunguo usiosomeka hata kwa mtengenezaji mwenyewe, na ni mchanganyiko huo pekee unaoweza kufungua mafaili. Ukikosea, mlinzi huongeza hesabu yake na kukulazimisha kusubiri. Kuzima simu na kuiwasha hakumsahaulishi.

Kwa nini fundi hana la kufanya

Sasa jibu la fundi linaeleweka. Angeweza kuing'oa chipu ya kumbukumbu na kuisoma kwa kifaa kingine, lakini angekuta maandishi yaliyovurugwa yasiyo na maana yoyote, kwa kuwa ufunguo haumo katika chipu hiyo. Tangu toleo la Android 10 la mwaka 2019, simu mpya zinatakiwa kuhifadhi mafaili kwa namna hiyo ya kuvurugwa, hata zile za bei nafuu zenye prosesa dhaifu. Angeweza kuiflashi simu na kuweka mfumo mpya, lakini huko ni kumpa mlinzi mkuu mpya wa nyumba; funguo za zamani hufutwa na mafaili hayarudi tena. Na hawezi kuunganisha kompyuta ijaribu namba zote haraka haraka. Namba ya tarakimu sita ina michanganyiko milioni moja, na kila jaribio lazima lipite kwa mlinzi yule yule anayehesabu na kuchelewesha.

Jambo hili liliwahi kuzitoa jasho hata serikali kubwa. Baada ya mauaji ya watu 14 huko San Bernardino, Marekani, Desemba 2015, shirika la upelelezi la FBI lilishindwa kufungua iPhone 5c ya mmoja wa washambuliaji. Februari 2016 mahakama iliiamuru Apple itengeneze programu ya kulegeza kizuizi cha majaribio, Apple ikakataa, na mwezi uliofuata FBI ikaacha shauri hilo ikisema imepata njia nyingine. Simu hiyo ilikuwa ya toleo ambalo halikuwa na prosesa ya siri tuliyoieleza. Zilizokuja baadaye ni ngumu zaidi.

Lakini isidhaniwe kwamba mlinzi huyu hana dosari. Mwaka 2016 mtafiti wa usalama Gal Beniamini alionyesha kwamba kwa baadhi ya simu zenye chipu za Qualcomm, mtu angeweza kupita kwenye kerneli, kuvuka hadi dunia ya siri na kutoa funguo. Mwaka 2019 ilitangazwa kasoro iitwayo checkm8 katika chipu za iPhone za miaka mingi, kasoro isiyoweza kurekebishwa kwa kuwa ilikuwa katika maandishi yaliyochomwa kiwandani. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin waliivuruga prosesa ya usalama ya AMD kwa kuchezea umeme wake na kupata siri zilizomo. Kwa hiyo masasisho ya simu yasipuuzwe, maana mengi huziba nyufa za mlango huu. Hata hivyo, nyufa hizo huhusu aina fulani za chipu kwa wakati fulani, na kuzitumia kunahitaji ujuzi na vifaa adimu. Si matumaini ambayo familia ya Tunduma au Ikinga inaweza kuyategemea kulipia madeni ya mzee wao.

Kilichomo ndani na kisichokuwamo

Ni muhimu kutenganisha mambo, kwani familia nyingi huhangaikia simu kwa kitu ambacho hakimo ndani yake. Fedha za mtandao hazimo katika simu wala katika laini. Kumbukumbu zake ziko kwa kampuni, na fedha zenyewe huwekwa katika akaunti za amana benki. Simu ikivunjika vipande viwili, salio halipungui hata shilingi. Njia yake ni ya kisheria: familia hukaa kikao, hupendekeza msimamizi wa mirathi, naye huthibitishwa na mahakama. Kwa mirathi inayofuata sheria za Kiislamu au za kimila, Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka hayo. Akiwa na hati yake ya uteuzi na cheti cha kifo, msimamizi huenda kwenye kampuni na benki kudai haki za marehemu. Mrithi anayejua namba ya siri akazihamisha fedha kimya kimya kabla ya hapo amegusa mali ambayo bado haijagawanywa, na huenda amekula haki ya yatima au ya mdai.

Kilichomo ndani ya simu, na ambacho hakuna mahakama inayoweza kumwamuru mlinzi akitoe, ni yale aliyoyaandika marehemu mwenyewe: orodha ya wadaiwa, picha za hati za viwanja, sauti za makubaliano, mazungumzo na wenzake wa biashara. Katika mirathi yetu madeni hulipwa kabla warithi hawajagawana chochote. Deni lisilojulikana huwa mzigo kwa marehemu, na dai lisilojulikana huwa hasara kwa yatima wake.

Wapo waliofikiria kutumia kidole cha marehemu kabla ya maziko. Mbali na kwamba maiti ina heshima yake, njia hiyo haina uhakika. Simu ikizimwa na kuwashwa, mlinzi hukataa alama ya kidole mpaka kwanza iandikwe namba ya siri, na ikikaa siku mbili tatu bila kufunguliwa hudai namba hiyo pia.

Sitara na haki za watu

Hapa yupo atakayesema: basi kila mmoja ampe mwenzake namba yake ya siri, tumalize. Lakini simu haibebi madeni tu. Inabeba pia siri ambazo mtu hakupenda zijulikane, aibu za wengine alizoaminiwa, maradhi yake, machozi yake. Mlango unaofungwa baada ya mauti ni sitara pia, na si kila mrithi anastahili kuufungua. Tatizo ni kwamba mlinzi wa chuma hajui kutofautisha. Kwake daftari la madeni na barua ya siri ni kitu kimoja, vyote amevivuruga kwa ufunguo mmoja, na vyote atavinyima kwa ukali ule ule. Hajui nani ni mjane na nani ni mwizi. Hajui mirathi.

Anayeweza kutenganisha haki za watu na siri zake ni mwenye simu peke yake, naye huweza kufanya hivyo akiwa hai tu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, imehusu kuandika madeni na kuyawekea mashahidi. Wahenga wetu nao walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kwa hiyo deni lolote lenye uzito liwe na nakala nje ya simu: karatasi yenye jina, kiasi, tarehe na saini za mashahidi wawili, ikiwekwa mahali ambapo mtu mmoja mwaminifu wa familia anapajua. Karatasi hiyo ipitiwe upya kila mwezi au kila msimu wa mavuno. Anayependa kutumia teknolojia, Google ina mpangilio wa kumteua mtu atakayepokea taarifa akaunti ikikaa kimya kwa muda mrefu, na Apple, tangu mwishoni mwa mwaka 2021, humruhusu mtumiaji kumtaja mrithi wa akaunti yake. Huduma hizo hutoa yaliyohifadhiwa kwenye akaunti mtandaoni. Hazitoi namba ya kufungua simu yenyewe.

Namba ya siri ya fedha za mtandao isiandikwe popote wala asipewe mtu, kwa kuwa msimamizi wa mirathi haihitaji. Kinachohitajika ni taarifa tu: kwamba kuna akaunti fulani, katika kampuni fulani, kwa namba fulani. Taarifa hiyo haimpi mwizi uwezo wa kuiba, lakini humwokoa yatima asipoteze haki ambayo hakujua kuwa ipo.

Usiku wa leo, ndugu msomaji, chukua karatasi na kalamu. Fungua simu yako wewe mwenyewe, maana ni wewe pekee ambaye mlinzi wake anakutii, na uandike nani unamdai na nani anakudai. Kazi hiyo haizidi nusu saa. Ukiiacha mpaka simu ibaki mikononi mwa warithi wako, hakuna fundi Tunduma wala Helsinki atakayeweza kuifanya kwa niaba yako.